Polisi wa nani? Vifo vya askari 12 vilivyoisukuma Kroatia vitani

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 1991, askari polisi wanne wa Kroatia, iliyokuwa bado jamhuri ndani ya shirikisho la Yugoslavia, waliingia na magari mawili katika kijiji cha Borovo Selo, kando ya mto Danube, jirani na mji wa Vukovar. Inaelezwa kwamba walitaka kuishusha bendera ya Yugoslavia na kupandisha ya Kroatia mahali pake. Wakazi wengi wa kijiji hicho walikuwa Waserbia, na wenye silaha miongoni mwao wakawamiminia risasi. Askari wawili walitoroka, wawili wakajeruhiwa na kushikwa mateka. Kulipokucha, polisi wa eneo hilo walipakiwa kwenye mabasi kwenda kuwakomboa wenzao. Wenye bunduki walikuwa wanawasubiri. Hadi jeshi la shirikisho la Yugoslavia lilipoingia kati, polisi 12 walikuwa wameuawa na zaidi ya 20 wamejeruhiwa.

Kwa hesabu ya vita, 12 si idadi kubwa. Vita vilivyofuata viliua watu wapatao 20,000 ndani ya Kroatia peke yake, na huko Bosnia jirani waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hapo. Lakini wako Wakroatia wengi ambao ukiwauliza vita vyao vilianza lini, hawataji tarehe 25 Juni, siku bunge la Kroatia katika mji mkuu, Zagreb, lilipotangaza uhuru. Wanataja Borovo Selo. Ndiyo maana tukio hili ni zuri kulichambua kwa yeyote anayetaka kuelewa jambo linalotokea katika nchi nyingi zenye mvutano wa kikabila: watu wanaweza kutukanana kwa miaka, wakagomeana na hata kupigana, na bado wakaishi pamoja. Kisha wanauawa polisi, na ndani ya wiki chache kila kitu kinabadilika.

Maelezo mepesi ni kwamba damu huleta hasira, na hasira huleta kisasi. Si uongo, ila hayatoshi. Wakulima nao huuawa, na wafanyabiashara, na wanafunzi, bila nchi kuingia vitani. Cha kujiuliza ni kwamba polisi ana nini ambacho wengine hawana.

Mwanajeshi huishi kambini, mbali na macho ya raia. Polisi yuko karibu. Kituo chake kiko katikati ya mji, jina lake linajulikana, na ukiibiwa baiskeli au jirani akivuka mpaka wa shamba lako, yeye ndiye unayemwendea. Sheria ikiwa na sura, ni sura yake. Kwa hiyo anapopigwa risasi na watu wa upande mmoja wa kikabila, wanaokufa ni wawili katika mwili mmoja: kijana wa watu fulani, na ile ahadi kwamba kuna mtu wa kati anayeweza kuamua ugomvi. Baada ya hapo, anayetishwa usiku hana tena wa kumpigia simu isipokuwa watu wa kwao.

Ila hayo yote yanategemea jambo moja: je, polisi huyo alikuwa bado ni wa wote? Kwa Kroatia, swali hilo lilikuwa limeanza kujibiwa vibaya mwaka mzima kabla ya Borovo Selo.

Yugoslavia ilikuwa shirikisho la jamhuri sita, na Josip Broz Tito, aliyelishikilia kwa miongo, alifariki Mei 1980. Wakroatia na Waserbia waliongea lugha iliyofanana kiasi kwamba wakati huo ilihesabiwa kuwa moja. Msomaji wa kwetu, aliyezoea kumtambua mtu wa kabila lingine kwa lafudhi yake, hapa angepotea kabisa. Waliotofautiana zaidi ni dini, Wakroatia wakiwa Wakatoliki na Waserbia Waorthodoksi, na kumbukumbu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, dola ya Waustasha, kibaraka wa Wanazi, iliua Waserbia kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wayahudi na Waroma, jamii inayoitwa pia Wajipsi. Wazee waliotoka hai katika kambi yake ya mauaji ya Jasenovac bado walikuwapo.

Mwaka 1990 chama cha Franjo Tuđman kilishinda uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Kroatia. Waserbia walikuwa kama asilimia 12 ya wananchi wa jamhuri hiyo, lakini katika polisi sehemu yao ilizidi sana uwiano huo, urithi wa siku za chama kimoja. Serikali mpya ikaanza kuajiri Wakroatia na kuwapunguza Waserbia. Ikabadilisha pia nembo kwenye kofia: nyota nyekundu ikatoka, ikaingia ngao ya miraba myekundu na myeupe. Kwa Mkroatia, ile ni nembo ya kale ya taifa lake. Kwa Mserbia wa vijijini, ni ngao aliyosimuliwa na babu yake kwamba Waustasha waliivaa walipokuja kuwachukua ndugu zake. Katika mji wa Knin, polisi Waserbia waliandika kwamba hawataivaa. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa inspekta wa polisi, Milan Martić.

Agosti 17, 1990, wizara ya mambo ya ndani ilipojaribu kuzichukua silaha za askari wa akiba katika vituo vya sehemu hizo, watu walikata miti na kuziba barabara kwa magogo. Zagreb ilituma helikopta za polisi, ndege za jeshi la shirikisho zikazilazimisha kurudi. Kuanzia siku hiyo Kroatia ilikuwa na polisi wawili: wa Zagreb, na wa Martić.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nami naona ndilo fundo lenyewe. Mei 1990 jeshi la shirikisho lilikuwa limechukua silaha za ulinzi wa eneo, yaani silaha za akiba ambazo kila jamhuri iliruhusiwa kuwa nazo. Kroatia ikabaki bila jeshi. Silaha halali pekee zilizosalia mikononi mwake zilikuwa za polisi. Kwa hiyo ilipotaka kujijengea jeshi, ilipitia mlango huo huo: iliajiri polisi kwa maelfu, ikaunda vikosi maalumu, na kufikia Aprili 1991 ikaanzisha kikosi cha walinzi wa taifa ndani ya wizara ya mambo ya ndani. Kwenye karatasi ilikuwa polisi. Kila mtu alijua kinachojengwa.

Ukiliona hilo, unaelewa kwa nini pande mbili zilitazama gari moja la polisi na kuona vitu viwili tofauti. Zagreb iliona serikali halali ikipeleka ulinzi katika ardhi yake. Mserbia wa Borovo Selo aliona jeshi la kabila jingine likija kijijini na nembo ya Waustasha kofiani. Na polisi aliyekuwa ndani ya gari, mara nyingi kijana aliyeajiriwa miezi michache nyuma, alibeba maana zote mbili bila kuulizwa.

Mwezi Machi yalitokea majaribio mawili. Huko Pakrac, polisi Waserbia walikiteka kituo na kuwanyang'anya silaha wenzao Wakroatia. Kikosi maalumu kikakirudisha, na hakufa mtu. Hata hivyo vyombo vya habari vya Belgrade, mji mkuu wa Serbia na wa shirikisho, vilitangaza kwamba Waserbia wameuawa, vikitoa idadi zisizolingana kutoka chombo kimoja hadi kingine. Maiti za uongo zikafanya kazi ya maiti za kweli, watu wakahama na wengine wakatafuta bunduki. Kisha tarehe 31, Jumapili ya Pasaka, katika maziwa ya Plitvice, polisi wa Kroatia Josip Jović, kijana wa miaka 21, aliuawa katika mapigano na watu wa Martić. Mserbia mmoja naye aliuawa. Jeshi la shirikisho likajipanga katikati kwa jina la kutenganisha, na kwa vitendo likawa ukuta ambao polisi wa Zagreb hawakuweza kuuvuka.

Borovo Selo ilikuwa tofauti kwa sababu huko kulikuwa na mtu aliyejaribu kuyazuia mapigano. Mkuu wa polisi wa Osijek, Josip Reihl-Kir, alikuwa na miaka 35 na hakuonekana kama shujaa wa aina yoyote. Kazi yake majira hayo ya kuchipua ilikuwa kwenda kwenye vizuizi, mara nyingi bila silaha, kukaa na Waserbia waliovijenga na kuwaomba wavifungue. Mara kadhaa walivifungua. Mwezi Aprili ilikubaliwa na viongozi wa Waserbia wa huko kwamba polisi hawataingia Borovo Selo bila ridhaa yao. Ukipenda unaweza kusema huko ni kuibembeleza hujuma. Mimi naona ni polisi aliyejua kwamba sheria isiyo na wa kuiamini itahitaji bunduki kila kona.

Hakuwa na adui mmoja tu. Katikati ya Aprili, kundi la wanachama wa chama tawala cha Kroatia, akiwamo Gojko Šušak, aliyekuwa amerudi kutoka Kanada na baadaye akawa waziri wa ulinzi, lilikifyatulia kijiji hicho makombora matatu ya mkononi. Hakuna aliyekufa. Kombora moja halikulipuka, na televisheni ya Belgrade ikalionyesha kama ushahidi wa nia ya Zagreb. Upande wa pili, wapiganaji wa kujitolea kutoka Serbia, wafuasi wa Vojislav Šešelj, mwanasiasa wa Kiserbia mwenye msimamo mkali, walikuwa wameshaingia kijijini, na Šešelj mwenyewe alijigamba hadharani kuhusu sehemu yao katika kilichotokea. Makubaliano ya kijijini yalikuwa yakitobolewa na watu wasio wa kijijini. Kisha wakaja wale polisi wanne na habari ya bendera.

Sasa tazama wiki nane zilizofuata. Taarifa kwamba baadhi ya miili ya polisi ilikatwakatwa zilienea haraka kuliko majeneza. Siku ile ile ya Mei 2, polisi mwingine aliuawa Polača, karibu na Zadar, na katika mji wa Zadar umati ukavunja maduka na mali za Waserbia, watu ambao hawakuwahi kufika Borovo Selo. Mei 6, huko Split, maandamano dhidi ya jeshi la shirikisho yaliishia kwa kifo cha mwanajeshi kijana, na kwa kinaya cha Yugoslavia alikuwa Mmasedonia, si Mserbia. Mei 19 kura ya maoni kuhusu uhuru ilipigwa, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga walisema ndiyo. Waserbia wengi waliisusia. Siku tisa baadaye, kikosi cha walinzi wa taifa, wale wale wa wizara ya mambo ya ndani, kilifanya gwaride lake la kwanza uwanjani Zagreb mbele ya Tuđman. Hakuna aliyejisumbua tena kukiita polisi.

Uhuru ungetangazwa hata bila Borovo Selo, sina shaka. Ila kabla ya Mei 2, Mkroatia aliyesema "tuzungumze na Waserbia wetu" aliweza kuonekana mwerevu au mjinga. Baada ya hapo alionekana msaliti. Na Mserbia aliyewaambia wenzake kwamba polisi wa Zagreb hawana nia mbaya, alitazama yaliyotokea Zadar akanyamaza. Hilo ndilo vifo vya polisi hufanya haraka kuliko vifo vingine: vinamwondolea mtu wa kati mahali pa kusimama, kwa sababu mahali hapo palikuwa ndani ya kituo cha polisi.

Reihl-Kir alijua. Aliomba ahamishiwe Zagreb kwa kuhofia maisha yake, na aliowahofia walikuwa watu wa upande wake. Julai 1, 1991, alikuwa ndani ya gari akielekea kijiji cha Tenja kwa mazungumzo mengine, pamoja na madiwani. Kwenye kizuizi cha polisi, askari wa akiba, Mkroatia, alilifyatulia gari hilo risasi na kumuua yeye na madiwani wawili, mmoja Mkroatia na mmoja Mserbia. Muuaji alikimbilia ng'ambo, na ikachukua miaka mingi hadi akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Kwa kawaida orodha ya polisi waliouawa mwanzoni mwa vita husomwa kama ushahidi dhidi ya kabila lingine. Kifo hiki hakiingii vizuri katika orodha hiyo. Mara nyingi huachwa pembeni.

Mwisho wa Agosti jeshi la shirikisho na wanamgambo wa Kiserbia waliuzingira mji wa Vukovar. Ulianguka Novemba 18, ukiwa vifusi, na siku chache baadaye zaidi ya wanaume 200 walitolewa hospitalini na kuuawa kwenye shamba la Ovčara. Inspekta wa zamani wa Knin, Martić, alipanda hadi kuwa rais wa jamhuri ya Waserbia iliyojitangaza ndani ya Kroatia, kisha akaishia The Hague, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia, ambako alihukumiwa miaka 35. Mahakama hiyo na ile ya Rwanda iliyokaa Arusha zilikuwa na chumba kimoja cha rufaa, na chombo kilichorithi kazi zao kikawa na tawi katika kila mji kati ya hiyo miwili.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba mkondo huu haugeuki: polisi akifa, vita vinakuja. Kosovo, jimbo la Serbia lenye Waalbania wengi, miaka saba baadaye, ingemuunga mkono. Mwisho wa Februari 1998 polisi wanne wa Serbia waliuawa katika mapambano na waasi wa Kialbania karibu na kijiji cha Likošane. Serikali haikutafuta waliofyatua risasi, iliadhibu vijiji. Watu zaidi ya 20 waliuawa Likošane na Ćirez, na wiki iliyofuata, huko Prekaz, zaidi ya 50, wengi wao wa ukoo mmoja wa Jashari, wakiwamo wanawake na watoto. Kundi la waasi lililokuwa dogo likapata vijana wengi kuliko bunduki lilizokuwa nazo. Hapa kuna somo baya ambalo waasi wa kila mahali wamelijua kwa muda mrefu: kumuua polisi ni njia rahisi ya kuifanya serikali iwaajirie wapiganaji. Mauaji yenyewe ni nusu ya kazi, nusu nyingine wanamwachia waziri.

Lakini kuna Masedonia (leo Masedonia Kaskazini), jamhuri nyingine ya iliyokuwa Yugoslavia, na hapo simulizi inapinda.

Waalbania walikuwa karibu robo ya wananchi wa Masedonia, ila ndani ya polisi walikuwa wachache mno. Mwaka 1997 huko Gostivar, polisi walipokwenda kuishusha bendera ya Albania kwenye ofisi ya manispaa (bendera tena), Waalbania watatu waliuawa katika vurugu zilizofuata. Januari 22, 2001, kituo cha polisi cha kijiji cha Tearce kilishambuliwa na askari mmoja akauawa. Jeshi la waasi wa Kialbania, ambalo wengi walikuwa hawajalisikia, lilidai kuhusika. Aprili 28, karibu na kijiji cha Vejce, askari wanane wa vikosi vya usalama, polisi na wanajeshi, waliuawa katika shambulio la kuvizia. Wanne walikuwa wa mji wa Bitola. Siku za mazishi, maduka ya Waalbania na Waislamu wengine mjini humo yalichomwa moto. Zilienea pia habari za miili kukatwakatwa. Ukiondoa majina, unasoma Borovo Selo na Zadar upya, miaka kumi baadaye.

Agosti ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 8 wanajeshi kumi waliuawa barabarani, tarehe 10 wengine wanane waliuawa na mabomu ya ardhini. Tarehe 13, siku tatu tu baada ya hapo, viongozi wa vyama vya Wamasedonia na vya Waalbania walitia saini makubaliano ya Ohrid.

Nini kilichokuwa tofauti? Sehemu ni bahati ya wakati: Ulaya na Marekani walikuwa wameshaungua Bosnia na Kosovo, wakatuma wapatanishi mapema na kuwabana wote. Hakukuwa na jeshi la shirikisho la kuegemea upande mmoja. Rais Boris Trajkovski alikubali kuitwa majina mabaya na watu wake. Ila mimi huvutiwa zaidi na kilichoandikwa katika makubaliano yenyewe. Pamoja na habari za lugha na manispaa, yaliagiza kwamba polisi wa jamii zisizo na uwakilishi wa kutosha waajiriwe na kufunzwa kwa idadi iliyotajwa: 500 hadi Julai 2002, na 500 wengine hadi Julai 2003, na wapelekwe kwanza katika maeneo ya jamii hizo. Katika waraka wa amani ambao ungeweza kujaa maneno matamu, watu walikaa na kuhesabu makonstebo.

Haukuwa mwisho mtakatifu. Risasi zilisikika tena hapa na pale, na wapo Wamasedonia wanaoamini hadi leo kwamba nchi yao ililazimishwa kuwazawadia waliowaua askari wake. Kiongozi wa waasi, Ali Ahmeti, aliunda chama, na mwaka 2002 chama hicho kikaingia serikalini. Kwa familia iliyomzika polisi wa Tearce, hilo haliwezi kuwa jambo dogo, na si haki kuwadai walifurahie. Lakini waliokufa katika mgogoro ule hawakufika maelfu.

Kroatia nayo ililazimika kurudi kwenye swali lile lile, ikiwa imechelewa. Vita vilipokwisha mwaka 1995, Vukovar na vijiji vyake, Borovo Selo kikiwamo, vilikuwa bado mikononi mwa Waserbia. Umoja wa Mataifa uliliendesha eneo hilo tangu Januari 1996 hadi Januari 1998 kabla ya kulirudisha kwa Zagreb bila vita. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuunda polisi wa mpito, Wakroatia na Waserbia katika doria moja, wakisimamiwa na polisi wa kigeni. Kabla ya doria kutoka, yalizuka mabishano marefu kuhusu sare yao itakuwa na nembo gani.